Samaki Wangu wa Povu

Nilianza kufuga samaki kwa sababu samaki watatu walikataa kufa. Sababu ni hiyo, hakuna nyingine. Wajukuu wangu wanapenda sababu kubwa. Wanasema labda mukaka, yaani mimi bibi yao, aliota ndoto, labda masista walimfundisha. Masista walinifundisha katekisimu na kushona vifungo miaka miwili, halafu baba akasema inatosha. Mambo ya samaki hayakuwamo.

Ilikuwa Beni, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mimi ni mtu wa juu, wa baridi, upande wa Lubero. Kwetu ni viazi na maharagi; samaki tulimjua akiwa amekwisha kukauka. Nilishuka Beni kwa ndoa. Bwana yangu alikuwa fundi mbao kwenye shamba la kahawa la Mzungu, na mama yake alikaa nasi nyumba moja. Wanawake wa pale walikuwa na kazi yao ya wakati wa jua. Wanaziba kijito kwa udongo na majani ya migomba, juu na chini, halafu wanaingia katikati na kuchota maji kwa mabeseni mpaka yaishe, samaki wabaki wanarukaruka kwenye matope. Wanaume hawafiki pale. Ni mahali pa kusengenya wakwe kwa sauti kubwa. Mimi waliniita kwa sababu nilikuwa na mikono, si kwa sababu walinipenda.

Samaki wazuri waligawana wenyeji. Mgeni walimpa wale wadogo weusi, urefu wa kidole, miiba mitupu, ambao hata paka anafikiri kwanza. Nikawafunika na majani ndani ya beseni, nikafika nyumbani, mtoto akalia, nikasahau. Kesho yake mchana nikafunua beseni nilioshe. Maji hamna. Wengi wamekauka kama vijiti. Lakini watatu walikuwa wamelala chini ya jani bichi, wanafungua vinywa na kufunga, wanakula hewa kama watu.

Mama mukwe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyepoteza kitu. Akachungulia beseni.

“Tia mu sombe,” akasema, maana majani ya muhogo yalikuwa motoni.

“Hapana, mama.”

“Hapana nini?”

“Hawa bamekatala kufa. Miye sitabaua.”

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasema. Nilikuwa nimeolewa miaka miwili na hiyo ilikuwa hapana yangu ya kwanza.

Nilikuwa na mtungi wa zamani uliopasuka shingo, hauwezi kwenda kisimani tena. Nikauweka nyuma ya jiko, nikatia maji ya kijito na majani yaliyooza kidogo, yafanane na kwao. Maji yakawa meusi kama chai iliyosahauliwa. Nikawapa viluwiluwi vya mbu, wakavimaliza, nikaleta vingine. Mama mukwe akawaambia majirani kwamba mtoto wake ameoa mwanamke anayelisha samaki, wakati wenzake wanalishwa na samaki. Walicheka. Nikaendelea kuleta viluwiluwi.

Sasa niseme kosa langu, maana sipendi mtu anayesimulia mazuri yake tu. Baada ya wiki chache yule mkubwa wao, dume, akawa mweusi kama makaa, na mapezi yake yakatoka mstari wa buluu pembeni. Na juu ya maji, chini ya jani, likatokea povu. Povu jeupe, zito, kama mate ya mtu. Kwetu juu, mgeni akiingia nyumbani anaangalia mtungi wako kwanza, ndipo anaangalia uso wako. Mtungi wenye utelezi, anayetukanwa ni mama yako aliyekulea. Basi nikatoa lile povu, nikasugua mtungi kwa mchanga, nikabadili maji. Wiki iliyofuata povu likarudi. Nikasugua. Likarudi. Mara tano. Dume akawa anakaa chini siku mbili, rangi imemtoka, mapezi yamefungwa. Nikafikiri anaugua kwa sababu ya uchafu, nikasugua zaidi.

Kilichowaokoa si akili yangu, ni uzazi. Nilizaa mtoto wa pili, na mzazi anakaa ndani, hashiki kazi ya maji. Kazi zote alifanya mama mukwe, isipokuwa moja: alikuwa ameapa mkono wake hautagusa ule mtungi. Siku niliyotoka nje nilienda moja kwa moja nyuma ya jiko. Povu lilikuwa pana kama kiganja. Nikanyoosha mkono nilitoe, nikaona kitu chini yake. Vilikuwa vitu vidogo sana, kama nyuzi zilizotoka kwenye kitambaa, vimening'inia mikia chini, vinatetemeka. Kimoja kikaachia, kikazama. Dume akakifuata mbio akakitia kinywani. Nikasema, basi, anamla mwanawe. Lakini akapanda naye juu, akamtema palepale kwenye povu, akarudi chini kumtafuta mwingine.

Nilikaa pale nimechuchumaa mpaka maziwa yakalowesha kikwembe nilichojifunga kifuani. Lile povu lilikuwa kitanda. Analitengeneza baba mtu kwa hewa na mate yake, tone kwa tone, na mimi mara tano nilikitupa kitanda cha watu kwenye takataka pamoja na watoto ndani, ili nionekane mwanamke safi.

Nilimwita mama mukwe aone. Akatazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

“Na mama yao iko wapi?”

“Baba yao amemufukuza. Akikaribia anabakula batoto.”

“Basi ule ni mwanaume wa kwanza naona anatumika kazi mu nyumba,” akasema, akaenda zake. Jioni akanikumbusha kwamba sombe bado inataka samaki.

Kulea hao wadogo kulinifundisha subira ambayo watoto wangu mwenyewe hawakunifundisha. Kinywa chao hakionekani. Kiluwiluwi kwao ni mamba. Nilijaribu unga, maji yakanuka, wakafa. Nikajaribu makombo ya bugali, vilevile. Mwisho nikaona kwamba maji ya mfereji yanayosimama juani na majani yameoza ndani, yale ya kijani, yana vumbi linalotembea lenyewe. Nikayachota kwa kopo, nikawatilia kidogo asubuhi, kidogo mchana. Matumbo yao yakajaa. Hakuna aliyenionyesha.

Bwana yangu aliniambia kwamba madame wa shamba ana sanduku la kioo lenye samaki wekundu waliotoka Ulaya. Nikampelekea kumi wangu kwenye kibuyu. Hakuwapokea. Alisema hao ni wa mfereji, watachafua wake. Alisema kwa upole, na upole ule nilirudi nao nyumbani kama kofi. Mwaka uliofuata uhuru ukafika, Wazungu wa shamba wakaondoka mbiombio, na bwana yangu alipoingia mle kufunga madirisha alikuta wale wekundu wanaelea tumbo juu. Wangu walikuwa nyuma ya jiko wanapiga povu. Sikufurahi kwamba samaki wamekufa. Lakini neno mfereji nililikumbuka.

Miaka ya kwanza ya uhuru ilikuwa mikutano na ngoma. Halafu wakaja waasi. Tuliposikia wako karibu na Beni, bwana yangu alisema sisi tupande Butembo kwa mjomba wake, kaka wa mama mukwe. Yeye atabaki kulinda vyombo vyake vya kazi, atatufuata. Alitufuata kweli, miezi mingi baadaye, amekonda, mzima. Hii si hadithi ya bwana aliyepotea.

Mwanamke anayekimbia ana mgongo mmoja na kichwa kimoja. Mgongoni nilikuwa na mtoto wa tatu. Wale wakubwa walishikwa mikono na mama mukwe, ambaye kichwani alikuwa na maharagi. Kichwani pangu palibaki nafasi ya kitu kimoja. Palikuwa na sufuria yetu kubwa, ya pekee, na palikuwa na kibuyu. Nilichagua kibuyu. Nilitia dume mmoja na majike wanne, maji kidogo tu na majani mabichi mengi, kwa maana nilijua kutoka siku ya beseni kwamba hawa wanahitaji hewa na unyevu kuliko maji. Mama mukwe akasimama katikati ya njia, watu wanatupita na vitanda na mbuzi zao.

“Batu banakimbia na batoto, weye unakimbia na samaki?”

“Nakimbia na bote.”

“Na sufuria?”

“Sufuria haina roho.”

Tulitembea siku tatu. Alirudia habari za sufuria siku zote tatu, na sitasema kwamba hakuwa na haki. Huko juu tuliazima sufuria ya jirani kila siku, tukala baada ya wao kula, na anayeazima sufuria anaisugua mara mbili. Nilisugua. Sikutubu.

Mjomba alikaa Mususa, mtaa wa Butembo, wakati ule mashamba zaidi kuliko nyumba. Alikuwa mzee wa maneno machache. Alitupa chumba kimoja na nafasi kwenye jiko. Dume na majike wawili walifika wakiwa hai. Mjomba aliwatazama akauliza kama wanaliwa. Nikasema hapana. Akauliza kama wanauzwa. Nikasema hapana. Akachukua jembe lake, akaenda shambani.

Butembo ina baridi ya kuingia kwenye mfupa, na wale ni samaki wa joto. Niliomba mtungi mmoja mbovu, nikauweka karibu na mafiga, nikawa naugeuza upande baada ya upande kila nilipopika, kama mtu anayechoma hindi. Miezi miwili dume hakufanya kitu. Halafu akapiga povu. Watoto wakatoka, nikawapa maji ya kijani, wakakua mpaka wakawa na macho. Wiki ya tatu wakafa wote kwa siku mbili. Akapiga povu tena. Tena wiki ya tatu, wote. Jike mmoja akafa pia. Dume akaanza kupauka, jicho moja likaingia ukungu. Alikuwa amezeeka. Niliona wazi kwamba ana povu moja tu limebaki ndani yake. Hilo likishindwa, ukoo wake umekwisha, maana kijito cha Beni kilikuwa kimekuwa njia ya bunduki na hakuna aliyeweza kurudi kuchota. Na nyumba nzima ilikuwa inangoja kuniambia: tulikuambia.

Sikuwa tayari kuambiwa. Nilikaa nikawaza, kwa nini wiki ya tatu? Maji ni ya uvuguvugu, chakula kipo. Nikakumbuka walichokuwa wanafanya siku ile wanapoanza kufa. Walikuwa wanapanda juu. Ndiyo siku wanapojifunza kula hewa kama baba yao. Na hewa ya juu ya maji ilikuwa ya Butembo, inatoka mlangoni, kali. Mimi niliacha mtungi wazi nikifikiri nawapa pumzi, kumbe nawapa kikohozi. Mtoto mchanga ukimtoa nje asubuhi bila nguo, yeye anafanya nini?

Povu la mwisho lilipotoka, nilichukua jani la mgomba, nikalipitisha juu ya moto lilainike, nikafunga kinywa cha mtungi na kamba. Nilifungua nafasi ya kidole tu, kwa chakula. Ndani mlikuwa na jasho, joto na unyevu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ikaingia.

Wiki hiyo ndiyo askari walikuja. Waasi walikuwa wametufuata mpaka Butembo, wakakaa, wakaondoka, na sasa jeshi la serikali lilikuwa linapekua nyumba kutafuta aliyewaficha. Walikuwa watu wa mbali, wanasema Lingala, na kitu walichoogopa kuliko bunduki ni dawa ya waasi: maji yaliyolowekwa majani, ambayo ukinyunyiziwa, walisema, risasi inageuka maji. Watatu waliingia kwetu mchana. Mjomba alikuwa shambani. Wakapindua kitanda, wakapindua maharagi, wakaingia jikoni. Na jikoni wakakuta mtungi kando ya moto, umefungwa jani na kamba, ndani maji meusi na majani. Hata mimi, kama ningekuwa askari, ningesema ni dawa.

Mkubwa wao akakata kamba. Jani likaanguka, jasho la ndani likapanda kama moshi.

“Oyo nini?” akauliza.

Mama mukwe alikuwa ameketi chini, watoto kwenye mapaja yake, midomo imemkauka.

“Ni samaki,” nikasema. “Funika.”

“Nini?”

“Funika kwanza, halafu uulize. Baridi inabaua.”

Akainama, hakuona kitu; maji yale hayaonyeshi. Mwenzake akasukuma kwa mguu kopo langu la maji ya kijani, likamwagika lote. Mkubwa akaniambia nimwage mtungi. Nikasema sitaki. Akasema ni dawa ya waasi. Nikasema ni maji ya samaki. Akaweka mkono kwenye bunduki, bila haraka.

“Kama ni maji, mela,” akasema, na akaonyesha kwa mkono: unywe.

Nilichukua kata. Nilichota pembeni polepole, nisiwachote, nikanywa nikimwangalia. Maji ya majani yaliyooza yana ladha ya msumari. Nikamaliza, nikageuza kata chini, aone kwamba ni tupu.

“Sasa funika.”

Watu wananiambia ulikuwa ushujaa. Haukuwa ushujaa. Ilikuwa hasira ya wiki tatu.

Hapo dume akapanda. Akavuta hewa, akashuka. Na nyuma yake, pale na pale, maji yakaanza kuguswa kutoka chini, kama mvua inayoanza, ila mvua hiyo ilitoka ndani. Walikuwa watoto. Mmoja wa askari akainamisha shingo.

“Mbisi,” akasema. Samaki. Akaanza kucheka, na mwenzake akacheka.

Mkubwa hakucheka. “Mama, batu banakufa, na weye unalinda hii?”

“Ndiyo. Na funika.”

Akaokota jani, akalirudisha mwenyewe, upande. Wakaondoka na koti la mjomba na shoka lake. Niliweka jani sawa, nikafunga kamba nyingine.

Sauti za viatu zilipopotea, mama mukwe akaniuliza:

“Umebakunywa?”

“Nimechuja na meno.”

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sikuwa nimemwona anacheka hivyo tangu nilipoolewa.

Lakini kopo lilikuwa tupu. Maji mapya yanataka siku nyingi juani kuwa ya kijani, na kwenda kwenye mfereji nilikoyachota, askari wakiwa barabarani, hakukuwezekana. Watoto wa samaki wa umri ule hawavumilii siku mbili. Nilikaa nikitazama kopo. Mama mukwe akaingia chumba cha kaka yake, akatoka na kitu kwenye kona ya kikwembe. Lilikuwa yai. Kuku wa mjomba alitaga chini ya kitanda chake, na mayai yalikuwa yake. Siku zile kwetu mwanamke hakula yai, hata aliyeliokota, hata aliyelipika. Walisema atazaa vibaya, atakuwa na tamaa. Mama mukwe alikuwa amefikisha uzee ule bila kujua ladha yake.

Akalichemsha. Nikachukua kiini kidogo, kama kichwa cha kiberiti, nikakisugua vidoleni ndani ya kikombe cha maji mpaka kikawa kama ukungu, nikawatilia kupitia nafasi ya kidole. Baada ya muda nikachungulia. Matumbo yao yalikuwa ya njano.

Likabaki yai lenyewe, kwenye sahani, jeupe, na kiini karibu chote. Mama mukwe akatazama mlango. Akalipasua sehemu mbili, akanipa nusu.

“Kula. Mutu amekunywa mutungi muzima, yai itamufanya nini?”

Tulikula tumesimama. Aliitafuna polepole sana, akasema haina kitu cha kutisha, na akalamba kidole.

Tulifanya hivyo wiki mbili, yai baada ya yai. Dume alikufa katikati ya wiki hizo, nikamzika chini ya mgomba. Watoto walibaki kumi na saba, wana mistari, wanakula hewa bila kukohoa. Ndipo mjomba akasimama mlangoni mwa jiko akatuuliza kwa nini kuku wake ameacha kutaga.

Mimi nilifungua kinywa. Mama mukwe akanitangulia. Akamshika kaka yake mkono, akamleta mpaka kwenye mtungi, akainua jani upana wa kidole.

“Mayai iko humu.”

Mzee akainama. Alitazama kumi na saba wangu muda mrefu, wanapanda na kushuka.

“Mayai yote?”

“Batoto ni bengi,” akasema mama mukwe, akarudi kuchambua maharagi.